Maua ya Siku ya Pili

Asubuhi ya siku ya pili, nyumba ya harusi haina mwenye nguvu. Masufuria yamelowekwa uani, wapishi wamelala chali juu ya majamvi, watoto wanagombania mabaki ya visheti, na mama wa bwana harusi anazunguka na kanga kiunoni akiuliza nani kamchukulia birika lake. Huo ndio wakati Mpambaji alipokuwa akifika. Aliegemeza baiskeli ukutani, akapiga hodi tatu, akaingia na salamu zake ndefu. Kwanza aliulizia vitu vyake alivyoazimisha: vidani, vichanuo, kitambaa cha kijani cha kumfunika bibi harusi. Akishavipata alielekea mlangoni, kisha akageuka kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. "Na yale maua msiyatupe," alisema. "Nipeni miye."

Alitaka vikuba vilivyolaliwa. Kwa asiyejua, kikuba ni kishada kidogo cha asumini, mrehani na mkadi ambacho mwanamke hukibana kifuani au kwenye nywele ili anukie. Bibi harusi hubandikwa vingi, na kitanda chake humwagiwa asumini mpaka shuka haionekani. Usiku huo ni maua. Kukicha ni taka za kufagiwa, na mwenye fagio hujiona kafanyiwa hisani mtu akija kuzichukua.

Yeye alizifunga kwenye jani la mgomba, akaziweka kwenye kikapu cha baiskeli na kurudi nazo mtaani kwetu Mabawa, Tanga, nyumba iliyopakana na yetu. Huko nyuma ya nyumba alizitandaza kwenye sinia, akalisogeza sinia kidogo kidogo kufuata mwanga ulivyokuwa ukipanda ukutani, kisha akachuchumaa na kuzipiga picha. Kamera yake ilikuwa nyeusi, nzito, ya filamu. Mkanda wake wa asili ulikatika zamani, akaifanyia mwingine wa pindo la kanga.

Jina lake nalijua na sitalitaja. Mtaani tulimwita kwa kazi yake, naye aliitikia hivyo hivyo, na wapo watu waliokaa naye mtaa mmoja miaka ishirini wasijue kama ana jina jingine. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, mwenye vidole vyeusi vya piko, rangi ya kuchorea maharusi, visivyotakata hata Ramadhani nzima.

Niseme mapema kwa nini namwandika, asije mtu akadhani nimekaa hapa na moyo mweupe. Mpambaji ndiye aliyempamba dada yangu, na dada yangu alifariki kabla ndoa yake haijatimiza mwaka. Nilikuwa na miaka kumi. Baba yetu hakuruhusu picha nyumbani, kwa hiyo ya dada ilibaki moja tu, ya darasa la saba, ambamo kasimama nyuma ya msichana mwenye bega pana na hapo alipo yeye unaona sikio na kipande cha mtandio. Naukumbuka mkono wake ukinisuka, naikumbuka sauti yake akiniita "we kinyago", lakini sura yake ilinitoka polepole nikiwa naiangalia, na nilipofika miaka ishirini haikuwapo tena. Aliyekuwa na kamera chumbani siku ile ni Mpambaji peke yake. Kwa miaka mingi sikuweza kumwona mwanamke yule akipita na baiskeli yake bila kulifikiri hilo.

Lakini kabla ya chuki kulikuwa na mapenzi, na hilo nalo niliseme. Nilikuwa mtoto wa kuchungulia. Ua wa makuti uliotutenganisha ulikuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa langu. Siku moja, bila kugeuka, akasema, "Mchunguliaji, pita mlangoni kama watu." Nikapita. Akanionyesha sinia.

"Waona nini?"

"Maua mabovu."

"Tazama tena."

Nikatazama tena kwa kumwogopa. Akachukua asumini moja kwa ncha za kucha. Jana yake, alisema, ua hili lilikuwa jeupe tu, jeupe mbele, jeupe nyuma, halina la kukwambia. Leo kingo zimejikunja ndani, rangi imekuwa ya chai ya maziwa, na mishipa ambayo jana ilifichwa na maji imetokeza kama ile ya kiganja cha bibi yangu. Alinionyesha waridi lililofunguka kupita kiasi mpaka likashindwa kujifunga. Alinionyesha mrehani ulivyokuwa mweusi, na jinsi weusi wake ulivyoanzia kwenye kikonyo, pale uzi ulipoubana. Aliongea kwa sauti ya chini, ya mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala. Nilitoka pale na macho mengine, na mpaka leo siwezi kutupa ua lililonyauka bila kuligeuza kwanza.

"Ua la leo la bibi harusi," alikuwa akisema. "La jana langu."

Ajabu yake ni kwamba alasiri ya harusi hakuvumilia dosari hata ya punje. Asumini ilichumwa ikiwa bado imefumba, ili ifumbukie kifuani mwa mwenyewe, na ole wake binti aliyemletea iliyochanua barabarani. Nilimsikia akimwambia mmoja, "Hili umemletea nani? Hapa pana harusi, hapana maiti." Halafu akaziba mdomo kwa kiganja, akasema astaghfirullah mara tatu, na kwa saa nzima hakusema neno tena. Mikono ilikuwa ikitunga tu.

Maana alikuwa mwoga wa kifo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mwanamke aliyekuwa akikaa siku nzima na maua yanayokufa hakuweza kwenda kumtazama mgonjwa hospitali. Msiba ukitokea mtaani alituma unga na sukari, na yeye mwenyewe alipata safari ya ghafla ya Muheza. Tulimcheka. Mama alikuwa akisema Mpambaji ana ndugu wengi Muheza kuliko wakazi wa Muheza wenyewe.

Na maneno yalisemwa. Mtu anayekwenda nyumba za watu kuomba maua yaliyolaliwa na bibi harusi, yenye jasho lake na mafuta yake ya nywele, unadhani atasemwa nini? Walisema anapeleka kwa mganga. Walisema maharusi aliowapamba hawadumu, wakamhesabia walioachwa na kusahau wale waliozeeka na waume zao. Mama mkwe mmoja wa mtaa wa Nguvumali alimkabidhi maua yote kwa adabu, akamsindikiza hadi uani, kisha akamnyang'anya na kuyamwagia mafuta ya taa mbele yake. Mpambaji alisimama akatazama moto mpaka ukazimika. Mashuhuda walisema alinyoosha mkono kwenye kamera, halafu akaurudisha.

Baada ya hapo alikwenda kwa shehe wa mtaa kuuliza. Shehe alimjibu kwamba picha ya kisicho na roho haina neno, apige maua yake kwa raha zake. Jibu hilo alilitembeza kila nyumba. Lakini siku moja nikiwa kwenye sinia naye, nadhani alisahau kama nipo, alisema akiwa ameinama, "Shehe kasema hayana roho. Hajayakalia haya mpaka mchana." Nilikimbia nyumbani. Usiku ule sikutaka taa izimwe.

Kwa nini hakupiga sura za watu, hilo nilielezwa na mama. Zamani, mimi sijazaliwa, Mpambaji alipiga bibi harusi kama alivyopiga maua. Bibi harusi mmoja alimwomba ampige baada ya kupambwa, ndani, kichwa wazi, na picha ibaki ya mume tu. Mpambaji akapiga. Filamu akaipeleka mjini kwa mzee wa studio, mtu wa asili ya Kihindi, muungwana, mwenye kusali safu ya mbele, ambaye walijuana kwa miaka. Mzee yule alikuwa na kabati la kioo mlangoni kwake alimotundika picha zilizotoka vizuri, ili wapita njia waone kazi. Hiyo ilitoka kuliko zote. Akaikuza, akaitundika katikati, na moyoni mwake alikuwa akimtukuza Mpambaji. Siku ya nne ya fungate, mjomba wa bwana harusi akapita hapo akienda sokoni.

Bibi harusi alirudishwa kwao na sanduku lake. Hakuwa na kosa hata moja. Mpambaji alikwenda kuomba radhi. Mama wa binti alimpokea, akampa maji ya kunywa, akamwambia Mungu ndiye mjuzi, na muda wote huo yule binti alikuwa chumba cha pili na hakutoka. Mzee wa studio aliangua kilio, akashusha picha zote, akaacha kabati tupu mpaka alipofunga duka. Toka hapo, aliyemwomba Mpambaji ampige picha alipata jibu moja: "Ua halina mume." Alilisema huku akicheka, na watu wakacheka naye. Mimi nimelifikiria baadaye na sioni cha kuchekesha.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo alipokuja kumpamba dada.

Chumba kilikuwa cha ndani, chenye dirisha moja la kutazama uani kwetu. Sisi watoto tulifukuzwa. Nililia, nikapigwa kofi dogo, nikanyamazishwa kwa kipande cha halua. Dada alipotolewa alikuwa kafunikwa kitambaa cha kijani, nikaona viganja tu, vyekundu vya hina, na kwenye kidole gumba kimoja hina ilikuwa imechafuka. Kesho yake Mpambaji alikwenda Nguvumali kwa wakwe kuchukua vitu vyake. Nilimwona akirudi, kikapu kimefunikwa jani la mgomba. Nilikwenda kwenye tundu langu nikamtazama akipiga maua ya dada yangu. Alipiga kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasimama mara mbili kujipangusa uso.

Miezi kumi na moja baadaye dada alishikwa na uchungu wa kuzaa na hakutoka, wala mtoto hakutoka. Sina cha kuongeza hapo. Siku ya maziko nyumba yetu ilijaa wanawake mpaka barazani, na mimi nikiwa nimekaa kwenye ngazi nilimwona Mpambaji njiani, kashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. Hakwenda Muheza safari hiyo. Alisimama pale tangu adhuhuri hadi jeneza lilipotoka, na hakuingia. Wanawake walimwona. Mtu aliyempamba binti hushika mkono wa mama yake siku kama hiyo, hilo halina mjadala, na yeye alisimama njiani kama mwuza maji. Mama hakumwambia kitu. Mimi nilimwambia mengi moyoni, na niliendelea kumwambia kwa miaka ishirini na mitano.

Kuanzia wiki ile, kila Alhamisi alasiri, kisahani cha asumini kilifika kwetu. Mpambaji alimkabidhi mtoto yeyote aliyepita. Mama alikipokea, akayamimina maua kwenye mto wake, akarudisha kisahani kimeoshwa. Hawakusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba mpaka mama alipofariki. Alhamisi iliyofuata kifo cha mama kisahani kilikuja, nikakirudisha na maua yake.

Nilipokaribia kuolewa nilikwenda kwake, si kumwomba anipambe. Nilitaka zile picha za maua ya dada.

"Bado," akasema.

"Bado nini? Miaka mingapi hii?"

"Bado hazijawa tayari, mwanangu."

Picha za filamu iliyosafishwa siku nyingi hazijawa tayari! Nikaona ananifanya mtoto. Kwa hasira nikapambwa na saluni ya mjini, nikavalishwa maua ya plastiki kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, na nikapigwa picha zaidi ya mia, nyingine nimekaa, nyingine nimejiegemeza kwenye gari la watu. Asubuhi ya siku ya pili Mpambaji akaja. Sijui ni mazoea au ni nini. Alipiga hodi tatu, akaonyeshwa chumba, akaliinua shada langu moja, akalipitisha kidole ukingoni. "Haya yatakaa," akasema, akalirudisha mezani taratibu na kutoka. Nilifurahi kwamba nimemshinda. Furaha ile iliisha kabla chai haijapoa, na kile nilichobaki nacho ni aibu, ambayo sikumwambia mtu.

Simu za kisasa zilipoingia wapwa zake walimnunulia moja, na hapo Tanga nzima ikamfahamu. Akawa anaweka maua yake kwenye hali ya WhatsApp: waridi limeanguka petali, mkadi umepauka, asumini zimejikunja kwenye kisahani. Hakuandika neno. Basi simu zikaanza kumlilia, watu wanauliza nani kafa. Shoga yake mmoja alikodi bajaji kutoka Pongwe na mkeka kwapani, tayari kwa msiba. Alimkuta Mpambaji anakaanga dagaa. Tulicheka hilo mwezi mzima. Mimi pia nilicheka, huku nikizitazama picha zile moja moja nikiwa peke yangu cherehanini, mlango nimeurudishia, asije mteja akaniona nalia kwa ajili ya ua la mtu nisiyemjua.

Halafu macho yakaanza kumwishia. Akaiacha kazi, akauza baiskeli, akahamia Moa kwa binti wa kaka yake. Mabawa nyumba yake ikapangishwa kwa mwalimu.

Mwaka huu, mfungo sita, mwezi wa Maulidi, binti wa kaka yake alinipigia. "Shangazi anakutaka," akasema. "Na kasema uje mchana, kuna mwanga."

Nilishuka basi njia panda nikachukua bodaboda. Nyumba yao iko ndani kidogo, imeezekwa bati jipya, na mbele yake kuna mihogo. Nilimkuta amekaa kitandani karibu na dirisha, amepungua mno, jicho la kushoto jeupe, la kulia limebaki na uhai kidogo. Dirishani palikuwa na kisahani chenye maua ya siku mbili tatu. Simu ilikuwa mapajani. Niliingia nikiwa nimejipanga: nitamsalimu, nitachukua kilicho changu, nitaondoka.

"Shikamoo."

Aliinua uso, mdomo ukabaki wazi. Alinitazama kwa jicho lile moja mpaka nikageuka nyuma kuona kama kuna mtu aliyeingia nami.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Subhanallah. Umekuwa yeye."

Nilijua. Mama katika miaka yake ya mwisho alikuwa akiongea nami huku akitazama ukuta, na nilikuwa nikijua kwa nini.

"Keti, mwanangu. Weye una ghadhabu na miye tangu u mdogo. N'naijua. Haki yako."

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na picha tatu. Mbili ni za asumini zilizotawanyika kwenye sinia, nzuri, kama nilivyomzoea. Ya tatu ilipigwa karibu kabisa: kikuba kimoja kilichonyauka, mrehani mweusi, asumini rangi ya chai, na ndani yake, zimejizungusha kwenye uzi pamoja na maua, nywele. Nilizihesabu, zilikuwa nne. Ndefu, nyeusi, moja imepinda inang'aa kwa mwanga wa asubuhi. Kilikuwa kitu cha kwanza cha mwili wa dada yangu nilichokiona tangu nina miaka kumi.

"Kwa nini hukunipa hizi?"

"Kwa sababu ningekupa hizi ungeniuliza na mengine."

"Mengine yapi?"

Alikunjua mtandio, akaukunja tena. Nje binti wa kaka yake alikuwa akitwanga, akaacha.

"Aliniomba," akasema. "Siku ile. N'shamaliza kumpamba, mama yako katoka kupokea wageni, tumebaki sote wawili. Kanambia, mama, nipige moja. N'kamwambia sipigi sura, wajua. Kanambia, si ya mume, si ya kutundika. Ya mdogo wangu. Kesho mi nahama, atalala peke yake, atalia. Umfichie, umpe akililia."

Nikazirudisha picha kwenye bahasha.

"Kamera i shingoni. Filamu imo. N'kamwambia hapana. Akanambia, basi fumba macho upige, utakuwa hukuniona! Akacheka. Akaniomba mara ya tatu, safari hii hacheki. N'kaona lile kabati la kioo, wallahi, n'kaliona pale pale chumbani. N'kamshika n'kamfunika kitambaa."

"Na siku ya msiba?"

"Ningeingiaje? Mama yako angenishika mkono, na ningemwambia."

Nilisimama. Sitaki kujipamba mbele ya msomaji: nilimchukia kwa chuki ambayo sikuwa nayo hata utotoni, maana utotoni nilidhani hakukuwa na picha kwa sababu haikuwa desturi, na sasa najua kwamba dada yangu aliifikiria, akaiomba kwa jina langu, na huyu alikuwa na mashine mkononi. Nilitoka hadi barazani. Binti wa kaka yake alinitazama akiwa na mchi mkononi. Mwenye bodaboda alikuwa akinisubiri chini ya mnazi. Ningeweza kupanda.

Nilirudi ndani. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha, nikaufungua mtandio wangu, nikauweka magotini.

"Nipige miye," nikasema.

"Mwanangu, sipigi sura."

"Najua. Yangu utaipiga."

Mkono wake ukaanza kutafuta simu, ingawa simu ilikuwa pale pale mapajani. Aliiinua, akaishusha, akaipangusa kwa kanga, akaiinua tena karibu na jicho lake la kulia.

"Sogea dirishani," akasema. "Zaidi. Mwanga uje shavu hili."

Nikasogea.

"Inamisha shingo. Si sana, yeye alikuwa na kiburi kidogo. Hivyo. Mabega yaache chini. Mdomo usiukaze, yeye aliufunga hivi hivi tu, kama anayetaka kusema jambo akangoja umalize." Sauti yake ilikuwa imepona, ilikuwa ile ya alasiri za harusi, ya kuamrisha. "Sasa macho. Usinitazame miye. Tazama mlangoni. Alikuwa akitazama mlangoni, mama yenu asiingie. Na alikuwa akisikiliza, kwa sababu kulikuwa na mtoto akilia uani, akaniuliza, ni yule wangu?"

Machozi yalinishuka nisiyafute, kwa kuogopa kuharibu shingo. Mpambaji aliishika simu kwa mikono miwili. Alishusha pumzi, akasema bismillahi, akabonyeza.

Hakunipa niione. Aliisogeza kwenye jicho lake mpaka ikakaribia kugusa kope, akaitazama, akaitazama, na kidole chake cheusi kikapita juu ya kioo kutoka paji la uso hadi kidevuni.

"Ndiye," akasema.

Sikumsahihisha. Nilibaki nimekaa vile vile alivyonikalisha, kichwa wazi, macho mlangoni, mpaka muadhini wa Moa alipoanza kuadhini alasiri.